Kikombe Kisichotikiswa: Maisha ya Bi Kuruthum binti Hamoud

"Bibi, huogopi kwenda baharini peke yako?"

Nilimuuliza marehemu swali hilo nikiwa na miaka saba, asubuhi ya Ijumaa, yeye akivaa jaketi lake la kuelea, la rangi ya machungwa, juu ya baibui. Alinitazama, akafunga kifungo cha mwisho, akasema, "Kunywa maziwa yako, Bi Maswali." Kisha akaondoka.

Mimi ni Yaqeen, binti wa Maha, na Bi Kuruthum ni bibi yangu mzaa mama. Wakubwa wamenitaka niandike wasifu huu usomwe leo, siku ya tatu ya msiba, kwa sababu katika wajukuu mimi ndiye niliyemchosha kwa maswali. Mengi alinijibu papo hapo. Hilo moja alikaa nalo.

Bi Kuruthum binti Hamoud bin Muhanna alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 12 Machi 1953. Baba yake, Mzee Hamoud, alikuwa na duka la vitambaa, na asili yake ni Ibra, huku Oman. Mama yake, Bi Ghalia, alikuwa mzaliwa wa hapo hapo Ujiji. Hapa Sur watu walimwita Mzanzibari maisha yake yote. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha. "Zanzibar nimeiona kwa dirisha la ndege," alikuwa akisema, "tena siku hiyo kulikuwa na mawingu." Baadaye alichoka, akawa anaitika tu.

Alisoma madrasa Ujiji na skuli ya msingi Kigoma, akamaliza mwaka 1967. Wakati huo alikuwa ameshajua kuvua kwa mshipi, na aliyemfundisha ni kaka yake, Khalaf. Mwaka huo huo Khalaf, kijana wa miaka kumi na saba, alitoka alfajiri na mtumbwi, peke yake. Hakumuaga mtu, maana hakutaka kuwaamsha. Walipoona harudi, mtaa mzima uliingia ziwani kumtafuta upande wa Kigoma, alikozoea kwenda. Kumbe siku hiyo alikwenda upande mwingine. Walipompata alikuwa si wa kuokolewa tena. Khalaf alijua kuogelea kuliko vijana wote wa mtaa wao. Bibi hakuwahi kunihadithia zaidi ya hapo. Nikiuliza, alikuwa akikunja mshipi wake taratibu kama uzi wa kufumia.

Mwaka 1976 alikuja Oman na wazee wake, wakakaa Ibra kwa watu wa baba yake. Alisema Ibra walimpokea kwa wema na tende nyingi, ila maji yalikuwa ya kisimani tu, na yeye alizoea kuamka akayaona mbele yake. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu, watoto wa mtaani walikuwa wakimcheka. Akajifunza. Mwaka 1979 alipata kazi ya opereta wa simu katika hospitali moja, kwa sababu aliweza kupokea simu kwa Kiarabu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kila aliyepiga alimuuliza mambo matatu: wewe ni nani, uko wapi, upigiwe saa ngapi. Tabia hiyo aliihamishia nyumbani. Mjomba Adham anasema hata ukienda kununua mkate ilikuwa lazima ujibu yote matatu, ndiyo mlango ufunguliwe.

Hapo hospitali ndipo alipokutana na marehemu babu yetu, Mahrous, dereva, mtu wa Sur, mji wa mabaharia. Walioana tarehe 9 Oktoba 1981, wakahamia Sur, na Bibi akahamishiwa kazi huku mpaka alipostaafu mwaka 2008. Babu alikuwa Msuri asiyeweza bahari. Akipanda mashua, hata ikiwa bado imefungwa, anatapika. Basi bibi harusi alipotoka siku ya mapumziko yake ya kwanza na mshipi na kikapu, mama mkwe wake alikaa mlangoni akauliza, "Wanaume wa Sur wamekwisha, mpaka wake zao wavue?"

Babu akajibu, "Mama, mmoja wao ni mimi, na unanijua."

Mchana Bibi alirudi na chewa mkubwa, akamuweka mbele ya mama mkwe, akamuamkia. Mama mkwe alikula. Neno hilo halikurudi tena.

Marehemu alivua kwa miaka karibu arubaini, na kila mara alikwenda mwenyewe. Alivua akiwa juu ya majabali, kwa mshipi wa mkono. Alikuwa na taratibu zake, nami nilizishika kwa kumuuliza. Akifika hakuteremka kwanza. Alikaa juu, akaitazama bahari mpaka amalize tasbihi zake, kwa sababu, alisema, wimbi kubwa halibishi hodi, lakini ukikaa utaliona lilipolowesha. Palipokuwa peusi na majimaji hakupakanyaga. Jaketi hakulivua hata kwa joto la mwezi wa sita, na vijana waliokuwa wakipita na magari walimwita chungwa la baibui. Shingoni alivaa filimbi. Mshipi hakuuzungushia mkononi hata mara moja. "Samaki ana watoto, na mimi nina watoto," aliniambia. "Akivuta sana namwachia. Tuking'ang'aniana, nyumba moja italia."

Na kabla ya kutoka, alikunywa kahawa. Kwetu hapa, mgeni akitosheka hukitikisa kikombe, na asiyekitikisa humiminiwa tena. Bibi alikunywa kikombe kimoja baada ya sala ya alfajiri, akamrudishia aliyemmiminia bila kukitikisa, akamwambia anakwenda wapi. Maana yake, sijamaliza, narudi kunywa kingine. Kikombe kile hakikuoshwa. Kilikaa kwenye sinia, sebuleni, mpaka arudi, amiminiwe cha pili, akitikise. Adhana ya adhuhuri ikitukuta na kikombe bado ni kichafu, haraka, mtu atoke akamtafute. Sisi wa nyumbani tulizaliwa tukaikuta desturi hiyo, wala haikutupitia akilini kumwelezea mtu mwingine.

Hapa nataka kusema jambo ambalo limesemwa vibaya katika siku hizi tatu, na aliyehusika amenipa ruhusa ya kulisema. Jana nilimkuta jikoni analia juu ya masufuria, akaniambia, "Liandike, Yaqeen. Liandike lote."

Tarehe 12 Disemba 2019, siku ya Alhamisi, Mjomba Adham alimshusha Bibi kwenye majabali ya njia ya Qalhat, akaenda kazini. Kurudi, Bibi alizoea kupanda teksi. Mke wa Mjomba, Tufool, alikuwa ameolewa hana hata miezi miwili, ametoka Nizwa, na Nizwa nyumba yenye kikombe kichafu sebuleni ni nyumba ya aibu. Siku hiyo tena mama yake alikuwa njiani anakuja kumtembelea. Alifagia, akafukiza ubani, akakiosha kikombe, akakiweka kabatini. Angejuaje? Hakuna mtu aliyemwambia.

Adhuhuri mama yangu aliingia, akaona sinia safi. Akadhani Bibi amesharudi, amekunywa, amelala, maana mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Akamwambia Tufool, "Tusipige kelele, Mama amelala." Na Tufool, aliyekuwa jikoni asubuhi nzima na hakumwona akiingia, akaamini. Wote wawili wakatembea kwa ncha za vidole kwa ajili ya chumba kitupu.

Nilirudi kutoka skuli. Bibi akitoka baharini huliosha jaketi lake kwa maji baridi, akalitundika kwenye bomba la uani likachuruzika. Nilikwenda uani kunawa mikono, nikaona bombani hapajatundikwa kitu.

"Mama, jaketi la Bibi liko wapi?"

Sitausahau uso wa mama yangu. Alikwenda akafungua mlango wa chumba, akarudi mbio, akamuuliza Tufool kuhusu kikombe. Tufool alisema kwa Kiswahili chake kipya, "Kikombe mimi nimeosha. Kwa nini?"

Mjomba Adham, aliyepigiwa simu kazini, aliwahi kufika kwenye majabali kabla ya alasiri. Anasema aliisikia filimbi kabla hajamwona mtu, pumzi fupi fupi, kisha kimya, kisha tena. Bibi aliteleza asubuhi, mguu ukaingia katikati ya mawe mawili, ukavunjika kifundoni. Simu yake ilikuwa juu, ndani ya kikapu, mahali pakavu, alipokuwa akiiweka siku zote ili isilowe. Aliiona, hakuifikia. Maji yalikuwa yakijaa, yamefika kifuani, na jaketi likawa linamshikilia kichwa juu kila wimbi linapopita. Mjomba alijitupa majini na kanzu yake ya kazini. Neno la kwanza Bibi alilomwambia, meno yakigongana, ni, "Nani kaosha kikombe?"

Hospitali Tufool hakuthubutu kuingia chumbani. Alisimama kwenye ukumbi na mama yake, wamejifunika nyuso. Bibi aliagiza aitwe. Sote tulikuwapo, tukangoja atakalosema. Alimshika mkono, akatuambia sisi, "Kuanzia leo kikombe changu ni cha Tufool. Huyu hatasahau tena. Nyinyi ndio mtakaosahau."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mguu ulipopona, Bibi alirudi kuvua, kwa mkongojo, pale ufukweni mjini ambapo hapana majabali, simu akiitia kwenye mfuko wa plastiki shingoni pamoja na filimbi. Alikiri kwamba hilo lilimpita. Kila alfajiri Tufool alimmiminia, akapokea kikombe, akauliza, "Nani, wapi, saa ngapi?" Bibi alicheka, akajibu yote matatu. Kiswahili cha Tufool, kama kinavyosikika leo hapa, kilifundishwa kwenye sinia lile.

Mwezi wa Machi 2023 marehemu aligundulika na maradhi ya figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nimesikia katika msiba huu watu wakisema kwamba yote yalianzia kwenye ule mguu, na wengine wakisema bahari ndiyo iliyommaliza, kwa kuwa hakusikia alipoambiwa asivue peke yake. Nilimuuliza daktari wake mwenyewe. Alisema figo ziliharibiwa na presha ya miaka mingi, na mguu haukuhusika hata kidogo. Bibi hakufa baharini. Alivua peke yake tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na amefia kitandani, mkavu, watoto wake wamemzunguka. Wavuvi wengi hawakupata hilo. Kaka yake hakulipata.

Siku moja kabla ya kufariki, hospitali, aliomba kahawa. Daktari aliruhusu funda. Tufool alimmiminia kutoka kwenye chupa ndogo aliyoileta kutoka nyumbani, akamnyanyua kichwa, Bibi akanywa. Kisha akakitoa kikombe, na mkono wake, ambao tangu asubuhi haukunyanyuka, ukakitikisa.

Tufool alikuwa kama hakuona. Akamimina tena, kahawa ikamwagika kwenye shuka, akasema, "Mama, kimoja bado. Siku zote kimoja bado." Bibi hakunywa. Alikitikisa tena, polepole, akimtazama, mpaka Tufool akakipokea.

Bi Kuruthum alifariki dunia Jumatano, tarehe 5 Novemba 2025, baada ya sala ya alfajiri, akiwa na miaka sabini na miwili, akazikwa hapa Sur siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Kikombe bado hakijaoshwa. Kiko kwenye sinia lake, na Tufool amesema atakiosha leo, tukishamaliza hitima, yeye mwenyewe.

Marehemu ameacha watoto watatu, Muntasir, Maha na Adham, na mkwe aliyemlea kama binti, Tufool. Ameacha wajukuu sita: Nadhir, Ibtihal, mimi Yaqeen, Muadh, na mapacha wa Mjomba Adham ambao bado wanamtafuta chumbani kwake. Ameacha mshipi mmoja, filimbi, na jaketi ambalo Mjomba amelitundika kwenye bomba la uani, na hakuna anayeweza kulitoa.

Ewe Mola, aliyekuwa hatoki bila kuaga amekuja kwako. Mpokee kwa wema, umkutanishe na Khalaf, na kaburi lake ulifanye pana na lenye nuru. Amin.

Limebaki lile swali langu. Mwezi wa Septemba nilikuwa nimekaa naye anaposafishwa damu, nafanya hesabu za skuli, nikidhani amesinzia. Nilikuwa nimeshasahau kwamba nilimuuliza. Alisema, macho ameyafumba, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya asubuhi ile ile:

"Lini mimi nilikwenda peke yangu, Bi Maswali? Kila siku nilikwenda na aliyeshika kikombe changu."