Msindikizaji Amekata Tiketi

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 1998, Bi. Rahab Wangeci anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya safari hapa mjini Hopkins, Minnesota, kwa miaka ishirini na mitano. Mimi ni Peris, jirani yake wa meza, na nimepewa upande wa Kiswahili wa programu hii kwa ajili ya jamaa zake na waumini wenzake waliojaa ukumbini leo. Upande wa Kiingereza umeandikwa na bosi wetu, Rodney. Huko mtasoma kwamba Mama Wangeci ni mtu mtulivu. Jamani! Mhurumieni Rodney, ofisi yake ina mlango. Sisi wengine tumemsikia mama huyu akiongea na simu.

Alifika Minnesota mwaka wa 1968 pamoja na mumewe, Mzee Zachariah, aliyekuja kusoma chuo kikuu. Mwaka wa 1973 akaajiriwa hapa kupokea simu na kupiga tiketi chapa. Kisha mwaka wa 1985 Rodney akarudi kutoka Ugiriki pua imebabuka kwa jua, akatangaza kwamba tutauza likizo za yoti kwa familia: baba, mama na watoto wiki nzima kati ya visiwa, nahodha wao mbele, wakilala humo humo na kuogelea kabla ya kiamshakinywa. Kazi yote akamkabidhi Mama Wangeci. Hakuuliza kitu. Angeuliza, angeambiwa kwamba mama huyu ni mzaliwa wa Kinangop, kwenye viazi na baridi, na kwamba maji yanayompita magoti humtetemesha mwili mzima. Hata Ziwa Minnetonka huliangalia akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Basi woga huo ndio uliotujengea jina. Stavros, mwenye yoti kule kisiwani Poros, alipigiwa simu asubuhi moja akaulizwa maswali ambayo hakuwahi kuulizwa tangu azaliwe. Mtoto akiteleza, anaangukia wapi? Majaketi ya kuelea yapo ya mtoto anayetambaa? Upepo ukivuma, nahodha ana akili au ana hasira tu? Mama alikataa katakata kuuza yoti isiyofungwa wavu kuzunguka ubavu wote. Alikataa pia mwendo wowote wa kisiwa hadi kisiwa unaozidi urefu wa ibada ya Jumapili, tena ibada ya Wamarekani, si hii yetu. Na kila bandari iwe na aiskrimu karibu. Stavros alifoka, akaapa, akakata simu. Mama akapiga tena. Leo yoti zake zote zina nyavu, na akisikia sauti ya mama tu, hujibu "sawa sawa, mama" kabla hajaambiwa shida ni nini.

Lakini wateja hawakumpendea nyavu peke yake. Walimpendea kusindikiza. Mnajua kwetu mgeni haagwi mwenyeji akiwa amekaa kitini. Mteja akimaliza kupanga safari na kunywa chai ya chupa yake, Mama Wangeci alimfikisha mlangoni, kisha kwenye gari, theluji ikimwangukia na sweta tu mabegani. Na watu wa Minnesota nao, Mungu awabariki, hawajui kuaga mara moja. Hushika mlango, wakakumbuka habari ya shangazi, wakaufunga, wakaufungua tena. Kwa hiyo walikutana wenye ugonjwa mmoja, na mimi nilibaki ndani nikipokea simu za watu wawili.

Siku ya safari aliwafuata mpaka uwanja wa ndege, mpaka kwenye geti lenyewe, akiombea kila mmoja kwa jina na kukagua kofia za watoto. Mwaka wa 1987 alizidisha. Familia moja ya mji wa Champlin ilikuwa na mapacha, na mmoja alilala begani mwake. Ungemwamshaje? Akaingia naye ndegeni polepole, akaketi kiti kilichokuwa wazi, akaendelea kumpigapiga mgongo. Wahudumu walihesabu abiria wakapata mtu mmoja zaidi. Wakahesabu tena, mtu bado yupo. Milango ilikuwa imekwisha kufungwa alipogunduliwa, mtoto begani na chupa ya chai mapajani! Ikabidi mlango ufunguliwe, na akashuka abiria wakimpigia makofi. Tangu siku hiyo wafanyakazi wa geti lile humpokea kwa furaha na kumzuia kwa mkono.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alicheka pia, lakini jioni ile aliniambia kwamba mlango ulipofungwa, kwa dakika ile moja, hakutaka ufunguliwe. Hilo sikulisahau. Kila mwaka ofisi ilimpa nafasi ya bure kwenye yoti, na kila mwaka alinigawia mimi au kumpa mwingine, akisema mara goti linauma, mara kuna kongamano la akina mama kanisani. Nimekwenda Poros mara mbili kwa goti la Mama Wangeci, na ninalishukuru. Ila mjukuu wake Stacy hakudanganyika. Mtoto huyo anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, na kila kiangazi alimuuliza nyanya yake swali lile lile: when are we going, Cucu, yaani tutakwenda lini? Cucu hujibu mwakani. Mwakani huo umekuwa mrefu, na Stacy sasa ana miaka kumi na miwili.

Mwezi wa Januari mwaka huu mambo yakaharibika. Mama Wangeci, ambaye hajawahi kutoka kazini mapema, akaanza kutoweka kila Jumanne jioni na begi lililofungwa vizuri. Jumatano anakuja amechoka, macho mekundu, kitambaa kichwani. Udaku ukashika kasi. Wengine wakasema ni mgonjwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumtazama Mzee Zachariah kwa huruma kanisani.

Wiki tatu zilizopita mama aliondoka kwenye meza yake, akaja mbele ya yangu, akaketi kwenye kiti cha mteja. Akavuta pumzi. Akaomba yoti: yeye, mzee, Stacy na mdogo wake Alvin. Kisha akaanza. Wavu upo? Majaketi? Nahodha ana akili? Yale yale maswali yake, ananiuliza mimi. Nikamjibu moja moja, wavu upo Mama, majaketi yapo Mama, na machozi yananitoka waziwazi. Ndipo akasema Jumanne zote hizo alikuwa mji wa Maple Grove, kwenye bwawa la kuogelea, darasa la wanaoanza, katikati ya watoto wa chekechea. Wiki ya kwanza alikaa ukingoni tu. Sasa anavuka bwawa kwa upana, akipiga kelele njia nzima. Akaniambia kwamba ukipita mwaka mmoja tena Stacy hatataka kuonekana na nyanya yake, na kwamba yeye amechoka kupunga mkono.

Tulikuwa tumemnunulia saa ya ukutani. Tumeirudisha dukani, na zawadi yake ni hiyo yoti. Mzee Zachariah, aliyeijua siri, alikuwa tayari zamani: kofia ya majani aliyojinunulia Februari aliivaa akizoa theluji kwa koleo mbele ya nyumba, majirani ni mashahidi. Stavros naye ameagiza wavu mpya na anasema, kwa hofu kubwa, kwamba ameupima mwenyewe.

Mama Wangeci, asante kwa kila familia iliyorudi nyeusi kwa jua na kamili kwa hesabu. Asante kwa chai. Tunakutakia bahari iliyolala, magoti mazima, na wajukuu wanaokung'ang'ania. Ndege inaondoka Jumamosi ya tarehe 13 Juni, na ofisi itafungwa, kwa sababu sote tutakuwa getini tukikuombea kwa jina na kukagua kofia yako. Mlango ukifungwa, kaa. Hakuna atakayekuja kukushusha. Ila tunakujua, Mama, kwa hiyo tunakuomba mapema: tukishaagana, tafadhali usirudi kutusindikiza hadi kwenye magari.