Vikopo Vinne vya Daktari Basma

Ikishaswaliwa alasiri, baraza ya kichochoro kimoja cha mtaa wa Kiponda hupata wenyewe. Ni baraza ya mawe iliyopakwa chokaa, imelika kwa makalio ya miaka arobaini, na kila mtu ana pahala pake. Mgeni akikosea husogezwa kwa adabu, na asipoifahamu adabu husogezwa kwa kiwiko. Kulia kabisa hukaa Talal Karani, ambaye keshastaafu mahakamani lakini mahakama haijastaafu ndani yake. Humfuata Arif Nusu Bei, muuza vitambaa, ambaye tangu aanze biashara hajamuuzia mtu kitu kwa nusu bei. Kisha Mcha Taarifa, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Kushoto, karibu na birika la Kheir muuza kahawa, hukaa Saud Injini. Jina la Injini hakulipata kwa gari. Amelipata kwa tumbo lake, ambalo kila alfajiri huwaka lenyewe bila kusukumwa, na mtaa mzima unalijua hilo kwa sababu mkewe, Bi Ruqaya, aliwahi kulisifia harusini.

Siku hiyo Saud alikuwa ameishika finjani mpaka kahawa ikapoa. Mcha akaanza:

— Mmesikia? Basma anafunga kazi.

— Basma yupi? aliuliza Arif.

— Kwani una Basma wangapi wanaochungua bakteria mji huu? Basma wa marehemu Hamed. Mtoto wa kaka yake Injini huyu hapa. Miaka kumi na tisa ya vijidudu, khalas. Kesho asubuhi anapeleka ripoti kwa wafadhili wake, na ripoti yenyewe haina la maana.

— Nani kakwambia? aliuliza Talal.

— Shemsa, anayefanya naye kazi maabara, kamwambia mke wangu.

— Ushahidi wa kusikia, alisema Talal. Haukubaliki. Endelea.

Saud alijua kuwa ni kweli. Jana magharibi Basma alipita kwake, akanywa chai, akamwambia kwa sauti ile ile anayosemea kuwa sukari imepungua: “Ami, pengine nilikosea tangu mwanzo.” Angelia, Saud angejua la kufanya. Hakulia.

Kazi ya Basma ilikuwa hivi. Kuna bakteria anayeishi ndani ya majani ya kotmiri, yaani giligilani, katika bustani za chumvichumvi kule Fumba. Si juu ya jani, ndani yake; ulioshe utakavyo, yumo. Bakteria huyo huusaidia mmea usimame pale ambapo chumvi ingeuangusha. Basma alimgundua akiwa mwanafunzi, akasoma naye ng'ambo, akarudi naye nyumbani, akabaki na swali moja tu: mtu akila jani lile bichi, huyu bakteria anapita tumboni kama mtalii wa siku moja, au anapanga chumba? Na akipanga, anamjenga mtu afya au anambomolea? Wafadhili wakamwambia aanze na jaribio dogo. Basma akaja barazani. Saud na Mcha wakaambiwa wale chatne ya kotmiri mbichi iliyotwangwa kila siku kwa siku kumi na nne. Talal na Arif wakaambiwa wasiguse hata jani. Siku ya kumi na tano kila mmoja akapewa kikopo chenye namba, bila jina, akirudishe na amana ndani yake. Neno amana lilikuwa la Talal. Lile jingine, alisema, halitamkwi barazani penye kashata.

Majibu yakatoka. Wote wanne sawasawa. Waliokula wanaye, wasiokula wanaye.

— Mie sishangai, alisema Arif. Ni hizi finjani. Kheir anaziosha zote ndani ya ndoo moja. Mdudu wa Injini anaogelea anaingia kwangu.

Kheir aliinua birika lake.

— Nnaondoka.

— Hakuna anayekwenda, Kheir, alisema Talal. Arif, futa kauli.

— Nimefuta. Tia kidogo.

— Kwanza finjani zina moto, alisema Mcha. Hapo hakai mdudu. Nikwambieni ilivyo. Ni upepo. Binamu yangu anatembeza wageni Jozani, anasema kule kima wanakula makaa kwa ajili ya matumbo yao. Makaa! Nani kawafundisha? Hewa. Kima mmoja akijua, wote wameshajua. Basi na matumbo yetu ndiyo hivyo. La Injini limejua, likayaarifu mengine.

— Limeyaarifu kwa njia gani? aliuliza Talal.

— Weye hujasikia tumbo la Injini likizungumza?

Wakacheka wote isipokuwa Saud. Yeye alikuwa anamtazama Mcha, halafu Arif, halafu Talal, kwa zamu, kama mtu anayengoja mmoja wao aone haya.

Maana siku ile ya kumi na tano, jua halijapanda vizuri, Talal alimgongea mlango na kikopo ndani ya bahasha ya kaki. “Injini, mie siku ya tatu leo nakata rufaa na kila siku inatupwa. Weye unayo ya kutosha. Nisaidie, na uniapie hutomtamkia mtu.” Saud akaapa. Talal hajafika kona, akaja Arif, kikopo ndani ya mfuko wa kitambaa cha suti. “Mke wangu Rukhsana kasema kitu hiki hakiingii nyumbani kwake, wala kitupu. Niapie hutolitamka.” Akaapa. Mwisho akaja Mcha, jasho linamtoka: alikuwa Paje siku kumi nzima kwenye harusi na matembezi yake, chatne hakuionja, na anaogopa mtoto wa watu atajua kwenye darubini. “Niapie hutotamka.” Akaapa mara ya tatu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Na Saud ni mtu wa kusaidia. Aliona ni kama kumchotea jirani maji kisimani. Asubuhi ile injini ilifanya kazi ya watu wanne na ikabakisha.

— Hewa si hoja, alisema Talal sasa. Hoja ni baraza yenyewe. Miaka arobaini tumekalia jiwe moja. Wadudu wamepanda, wameshuka, wamejua njia. Jiwe hili sasa lina haki ya mazoea juu ya matumbo yetu.

— Basi na Kheir anaye? aliuliza Arif. Naye anakaa.

— Kheir anakaa kwenye kigoda chake. Kigoda ni nchi nyingine.

— Ngojeni, ngojeni, alisema Mcha, na alipoinuka nusu wote walijua kuwa sasa linakuja kubwa. Matumbo ya watu wanne yakiwa sawa, hiyo si hewa wala jiwe. Hiyo ni damu. Sisi ni ndugu.

— Mie wazee wangu wametoka ng'ambo, Kachi, alisema Arif.

— Na wangu Oman, alisema Talal.

— Wametoka huko, ndiyo, lakini walipofika hapa walikuwa wanakwenda wapi jioni? Nani alikuwa anawahesabu? Basma kafichua jambo, sasa anafungiwa mdomo! Maabara imesema: sisi sote baba mmoja.

Talal alipanguza kinywa kwa leso, akaikunja mara nne.

— Kama ni baba mmoja, alisema taratibu, basi lile duka la vitambaa ni mali ya mirathi.

— Duka lipi? aliruka Arif.

— La marehemu baba yetu.

— Baba yako alikuwa na duka lini? Baba yako alikuwa anakopa kwa baba yangu!

— Mbele yangu usimtukane baba yetu, alisema Mcha.

— Na iangaliwe, Injini ndiye mkubwa wetu kwa umri, alisema Talal. Kaka Saud, unasemaje kuhusu duka?

— Mie nasema, alianza Saud. Nasema, pengine vile vikopo...

— Vikopo havina neno! walisema watatu kwa pamoja, halafu wakatazamana, kila mmoja akishangaa wenzake wamejuaje.

Hapo ndipo Basma alipotokea kichochoroni, mkoba begani, viatu vina vumbi la Fumba. Mirathi ikakatika katikati.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Marahaba, Daktari, waliitikia kwa pamoja. Karibu, Kheir mtilie.

Hakukaa. Alisimama mbele yao kama mtu aliyepita kuaga wafiwa.

— Nimekuja kushukuru, alisema. Mmenipa siku zenu kumi na nne. Kesho nnapeleka ripoti. Wafadhili watasema moja kati ya mawili. Ama bakteria wangu yumo kwa kila mtu, na mie miaka kumi na tisa nimefukuza upepo. Ama maabara yangu haijui kupima. Kwa vyovyote, la kuendelea halipo.

— Sisi tuna nadharia, alisema Mcha.

— Nimezisikia tangu kwenye kona, Ami Mcha.

Arif alijishughulisha na kashata.

— Lakini kuna kitu kinanitaabisha, aliendelea Basma. Tumboni mwa mtu kuna mamia ya aina za bakteria. Hata mapacha waliolelewa nyumba moja hawafanani. Nyie hamkufanana kwa bakteria wangu tu. Mmefanana kwa wote, mpaka yule wa mwisho. Shemsa kapima upya mara mbili, tukadhani tumepima kikopo kimoja mara nne. Sivyo. Vilikuwa vinne.

Basma aliuhamisha mkoba bega la pili.

— Kuna swali sikuwahi kuliuliza. Niliona haya, nyie ni wazee wangu. Basi sitaki jina la mwenye kikopo, maana namba ya nani ni ipi, hiyo ni siri na itabaki siri. Nauliza tu. Kikopo namba moja, nani alikijaza?

Kheir aliweka birika chini polepole lisitoe sauti.

Saud alivikumbuka viapo vyake vitatu, kimoja baada ya kingine. Hutotamka. Hutomtamkia mtu. Hutolitamka. Alivipitia neno kwa neno, kwa uangalifu ambao hata Talal hakuwahi kuusomea sheria. Vyote vilikuwa vya ulimi. Hapana aliyemwapisha mkono.

Akaunyoosha juu.

— Namba mbili? aliuliza Basma.

Mkono ulibaki pale pale. Talal aligeuza uso, akamtazama Saud, akarudi kuzitazama kucha zake.

— Namba tatu?

Mkono haukushuka. Arif alifungua mdomo. Alimwangalia Talal, akamwangalia Mcha, na mtu angeweza kuiona hesabu ikijumlika usoni mwake, hesabu ambayo kwa mara ya kwanza hakuipenda jumla yake.

— Namba nne?

Mkono wa Saud ulikuwa umechoka. Akaushikilia kwa mkono wa pili. Mcha Taarifa alikuwa anatazama chini, hana habari yoyote.

Mdomo wa Basma ulikaza, ukalegea, ukakaza tena. Ikawa haijulikani ni hasira au ni nini, mpaka mabega yake yalipoanza kutikisika na akalazimika kukaa chini, pale pale barazani, baina ya Arif na Mcha, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kheir alimtilia kahawa bila kuulizwa.

Alipomaliza kucheka alitoa simu kutoka mkobani.

— Tunaanza upya, alisema. Siku kumi na nne. Na safari hii kila asubuhi mie na Shemsa tutapita mlango kwa mlango. Na kwa Bi Rukhsana nitaingia mwenyewe.

— Nani kakwambia ya Rukhsana? aliuliza Arif.

— Hapana aliyeniambia. Umeniambia weye sasa hivi.

Akaanza kuwaandikia wafadhili. Aliandika kwamba ripoti ya kesho haiji, kwamba anaomba muda, kwamba bakteria wake bado ana kesi ya kusikilizwa. Kidole kikasimama juu ya kioo.

— Wataniuliza sababu, alisema. Watu wazima wanne, wenye akili zao, mjini. Nyie mwasemaje? Niandike nini?

Talal, aliyeandika sababu za watu wengine kwa miaka thelathini na mbili, alikuna kidevu. Arif alimtazama Mcha. Mcha alimtazama Kheir. Kheir aliinamia jiko lake akapuliza makaa ambayo yalikuwa yakiwaka vizuri.

Mkono wa Saud peke yake ndio uliokuwa juu, na si kwamba alitaka kusema kitu. Alikuwa amesahau kuushusha.