Sajenti Ausi na Neno Alilomwachia Mwalimu Yunus

Ndugu zangu mliokuja kutusitiri, assalaam alaykum. Mimi ni Bwanausi, mdogo wake marehemu, tumbo moja, nimepewa kazi mbili, kusoma maisha ya kaka yangu, na kumwombea msamaha kwa mwalimu Yunus, aliyekaa hapo mbele kwenye jamvi, kabla hatujamswalia, naye mwalimu hajui ni kwa lipi, hivyo namwomba anivumilie mpaka nifike.

Sajenti mstaafu Ausi Mwinyijuma alizaliwa hapa Kaole tarehe 3 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa mzee Mwinyijuma na bibi Mina, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na waliokaa naye dawati moja watakumbuka kwamba alikuwa hodari wa hesabu na mbishi kuliko walimu wake.

Mwaka 1976 alijiunga na jeshi, na vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waliovuka mpaka kwa miguu, akarudi mwaka uliofuata amekonda, hata mama akampita njiani asimtambue, na tangu hapo akashikilia kwamba adui hang'oki kwa mabomu ya mbali mpaka askari aingie mwenyewe. Alistaafu mwaka 1998, akarudi kwenye minazi na mihogo yake.

Tarehe 8 Agosti 1986 alimwoa bibi Hajra kule Miono, wakajaaliwa watoto wawili, Shufaa, aliyezaliwa mwaka 1988, na Najim, aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye naye ni askari.

Nani atasahau ubishi wa barazani kwa bibi Fatu muuza kahawa, pale habari za waasi wa ng'ambo ya Ruvuma zilipoanza kusikika redioni, kaka akipanga vikombe kuwa vikosi na kashata kuwa vijiji, akitueleza kwamba waasi wale ni watoto wa watu, kwa hiyo lazima askari aingie kijijini, awaamkie wazee, aulize mtoto wa nani hajarudi nyumbani na kwa nini, jambo ambalo ndege haiwezi kulifanya, naye mwalimu Yunus, aliyesema ndege za vita zinatosha na watoto wetu wabaki, akitwaa kashata akaila, akatangaza kijiji kimekwisha na hakuna askari aliyeumia, kaka akimwuliza sasa nani atakaa humo, tukacheka mpaka kahawa ikatupalia. Siku zile zilikuwa tamu jamani, nazitamani.

Julai 2021 orodha ya askari wanaokwenda ng'ambo ya Ruvuma ilitoka, ikiwa na jina la Najim, na la Feisal, mtoto wa pekee wa mwalimu, aliyeingia jeshini kwa kumsikiliza kaka, na mwalimu akaja nyumbani kumwomba kaka azungumze na wakubwa aliotumikia nao, Feisal aachwe, kaka akamjibu kwamba kazi ile haifanywi na ndege, mwache kijana aende. Feisal alikwenda, na tarehe 17 Mei 2022 akauawa na bomu lililofukiwa njiani, tukamzika hapa hapa Kaole, na tangu siku ile kaka hakukanyaga tena barazani, tukadhani ni majonzi tu.

Kisukari alikuwa nacho tangu mwaka 2015, kikaja kumharibu figo, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 2 Januari 2025, akafariki jana Jumanne, tarehe 14, alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, askari wenzake waliotoka mbali, na bibi Fatu, ambaye tangu jana anagawa kahawa bila kukaa.

Sasa nimefika, mwalimu. Siku tatu kabla ya kufariki, kaka aliniita mimi na Najim, akatuambia, naye Najim ndipo alipojua, kwamba siku ya pili baada ya kukurudisha wewe mlangoni, alipanda basi la Dar es Salaam kwenda kwa mkubwa mmoja waliyejuana zamani, akamwombea Najim, na Najim akaachwa, sisi sote tukidhani ni mipango ya jeshi tu. Hoja yake hakuiacha, alisema bado anaamini lazima mtu aingie kwa miguu, ila hakuwa na haki ya kuwatuma watoto wa wenzake akimficha wa kwake, na kila alipokuona akaona aibu, akakosa ulimi. Mimi kaka yangu nampenda, na jambo hili limeniuma, lakini kaniagiza nilisome mbele ya watu, nisilipunguze.

Kaniagiza pia kwamba ukishindwa kumsamehe usisukumwe na mtu yeyote, azikwe hivyo hivyo, ni haki yako.

Kaka, pumzika, Mwenyezi Mungu akupokee kwa rehema zake.

Mwalimu Yunus, tunakusikiliza.