Injini Iliyokuwa Ikigonga

Salah alikuwa kwenye basi la Masalani aliposikia wanawake wawili wa kiti cha mbele wakimsema bila kumjua.

"Kanunua gari la spoti, la mtumba. Injini ikafa njiani, na dada yake akafika harusini kwa mkokoteni wa punda!"

"Wallahi, aliyemuuzia alimdanganya," mwenzake akamtetea.

"Alidanganywa na nani? Fundi alimwonya kuwa injini inagonga na inakula oili. Akajibu eti huo ndio mngurumo wa gari la spoti."

Salah akauficha uso kwa shali. Ndivyo alivyomjibu fundi hasa, tena kwa kicheko.

Basi liliposimama, wale wawili walikuwa wangali wakibishana.

"Nipisheni, mama zangu," akanong'ona, akashuka kwenda kumwomba dada yake radhi, asijue aanzie wapi.