Shule Ni Ukweni: Mwalimu Rabia Anaweka Chaki Chini

Tarehe 30 Juni 2015 Mwalimu Rabia Swalehe anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, yote katika Shule ya Msingi Mugaboye, wilaya ya Kasulu. Kamati ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake kwenye kijitabu hiki cha sherehe. Walimu vijana wenye shahada wapo, lakini walipoona jambo lenyewe ni zito wakaniachia mimi, Bazilio, mwenyekiti wa kamati ya shule. Hawakukosea.

Mwalimu Rabia alitoka kwao Kondoa mwaka 1979, akashushwa na lori barabarani akiwa na sanduku la bati na koti jembamba. Baridi ya huku juu ilimpiga, akasema atakaa mwaka mmoja. Tukacheka. Mwezi wa pili alikuwa anasalimia kwa Kiha, mwakeye ya asubuhi kamili, mikono miwili, akimuuliza mtu habari za mke, watoto, mbuzi na muhogo bila kuruka hata kimoja. Mtu wa namna hiyo harudi Kondoa upesi.

Jioni alifundisha elimu ya watu wazima. Darasani tulikuwa wanaume wengi, na bora kuliko wote nilikuwa mimi. Haya mnayosoma ni matunda yake. Pakiwa na herufi iliyopinda, mpiga chapa ndiye wa kuulizwa.

Darasa lake lilikuwa la saba, lakini kazi iliyompa jina mpaka Heru Juu hata Nyakitonto ni ya kuwatafutia shule watoto wenye akili. Wazazi wetu walidhani mtoto mwenye akili ni kama mbegu ya maboga, ukiitupa popote inaota. Mwalimu Rabia alikataa. Alisema shule ni ukweni, na mtu hapeleki binti ukweni kwa kusifiwa rangi ya nyumba. Basi kila likizo yake alikuwa anafunga safari kwenda kuzipeleleza sekondari. Hakuanzia ofisini. Alikwenda jikoni, akaonja maharage. Alikwenda chooni, akatazama kama kuna maji. Kisha akaomba kuzungumza na mtoto wa mwisho darasani, siyo wa kwanza, na kulitazama daftari lake. Alikuwa akisema shule inayomsahau wa mwisho, siku moja itamsahau na wa kwanza.

Nitatoa mfano mmoja tu, wa nyumbani kwangu, kwa sababu ndio mzuri kuliko yote.

Mwaka 2013 mjukuu wangu Esteri alimaliza la saba akiwa wa kwanza kwa kata nzima. Akili hiyo imetoka kwangu, jambo hili halina mjadala. Baba yake, mwanangu Evaristi, anauza unga wa muhogo mjini Kasulu na amezoea kuona vitu vya mjini. Akataka binti aende shule mpya ya binafsi yenye basi la njano. Mimi nikasema atasoma sekondari yetu ya kata, basi. Matofali ya shule ile nilifyatua kwa mikono hii. Itakuwaje mjukuu wangu akaegemee matofali ya watu wengine?

Tukagombana mpaka kuku wakahama uani. Evaristi akasema, "Baba, mtoto hasomi matofali." Nikamwambia, "Wala hasomi basi." Siku ya nne mke wangu akamfuata Mwalimu Rabia, kwa maana nyumba ilikuwa haikaliki na mtoto mwenyewe alikuwa ameacha kula.

Mwalimu hakuniambia nimekosea, maana ananijua. Aliniita pembeni akasema, "Mzee Bazilio, wewe ndiye mshenga mkubwa hapa kijijini. Utamtoa Esteri bila kupeleleza nyumba?" Ni kweli. Ndoa nyingi za Mugaboye nimezisimamia mimi, na iliyovunjika ni moja tu, na ile walinilazimisha. Nikavaa koti. Tukaondoka wanne: Mwalimu, Evaristi, Esteri na mimi mbele.

Kwenye shule ya basi la njano tulipewa soda, Evaristi akatabasamu kama aliyeijenga yeye. Mwalimu Rabia akaiacha soda, akaelekea jikoni, halafu darasani kwa mtoto wa mwisho. Kijana yule akasema Jiografia hawajafundishwa tangu mwezi uliopita. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu wa Jiografia ndiye dereva wa basi, na basi limekwenda Kigoma. Evaristi akaimaliza soda yake taratibu, akaanza kuitazama chupa.

Nilicheka njia nzima. Kesho yake tukaenda sekondari ya kata, nikawaonyesha matofali yangu, upande wa mashariki, yote yamesimama mpaka leo. Mwalimu akayasifu. Kisha akamuuliza binti wa dawati la nyuma nani anawafundisha Fizikia. Darasa zima likacheka. "Bado yuko njiani," wakasema. Alikuwa njiani mwaka wa pili. Sasa amefika, namshukuru Mungu, na ni mwalimu hodari, lakini mwaka ule hakuwepo. Evaristi alitaka kucheka, nikamtazama, akakohoa.

Ya tatu ilikuwa shule ya masista, upande wa Kibondo, ya wasichana tu. Hapo nikaona mambo sasa yamekuwa ya heshima, nikajiandaa kama mshenga anavyojiandaa. Mtu haendi kutafuta undugu mikono mitupu. Nikabeba kibuyu cha pombe ya ndizi, iliyoiva vizuri, na mrija wake.

Mlinzi wa getini, jamaa anaitwa Reverien, akaniuliza shida yangu. Nikamjibu kwa desturi: tumepita tu, tumeona moshi, tukasema tusalimie. Akauliza tena. Nikaketi juu ya jiwe, maana mshenga hasemi neno lake amesimama. Nikamwomba atuonyeshe wasichana wanakula wapi na wanaoga wapi. Ebu fikirini. Yule bwana akapiga filimbi.

"Mzee, una kibuyu cha pombe, unataka kuona wasichana wanapooga?"

"Ndiyo, na kama maji yapo."

Akapiga filimbi ya pili. Mkuu wa shule, Sista Yusta, akaja na matroni wawili na ufagio mmoja. Evaristi akasogea mbali na mimi, akajifanya anasubiri basi. Esteri akajifunika uso kwa kanga ya Mwalimu.

Hapo ndipo nilipomwona Mwalimu Rabia alivyo. Yeye pombe haijui hata harufu, lakini alikichukua kile kibuyu kwa mikono miwili kama tunavyofanya sisi, akakiweka chini mbele ya Sista, akasema, "Sista, mzee huyu anakukabidhi mjukuu wake. Kwao binti akitoka nyumbani hutoka hivi. Njia nyingine ya kuagana naye haijui." Sista Yusta akakitazama kibuyu. Akanitazama. Macho yangu yalikuwa na vumbi la barabara, watu wasizushe. Akaamuru ufagio urudishwe na kibuyu kikae kwa mlinzi mpaka tutakapoondoka.

Tulionja maharage, yameiva, na samaki wa migebuka juu yake. Chooni maji yalikuwepo. Binti wa mwisho wa kidato cha kwanza akasema kila jioni anafanya hesabu pamoja na yule wa kwanza, na wasipomaliza wote wawili, halali mtu. Esteri naye akapewa mtihani wa kujiunga na wenzake waliokuja siku ile. Akatoka wa sita.

Wa sita! Nikataka kudai wasahihishe upya. Lakini Mwalimu Rabia akafanya jambo ambalo mimi na Evaristi, pamoja na akili zetu, hatukuwa tumelifanya siku zote zile. Akamuuliza mtoto. "Esteri, wewe unapenda wapi?"

Akasema, "Hapa. Nataka mahali pa kushindwa hesabu. Nyumbani anayenishinda ni babu peke yake, na yeye anashinda kwa kelele."

Nikakubali, kwa kuwa mshenga mzuri hujua nyumba nzuri akiiona. Tulipopita getini kibuyu kilikuwa kitupu. Reverien aliapa kwamba ni jua. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Leo Esteri yuko kidato cha pili, na amepanda mpaka wa tatu. Wawili waliobaki mbele yake nawafahamu kwa majina na nawaombea afya tu. Ndivyo nilivyomchagulia shule, nikisaidiwa na Mwalimu Rabia. Wapo wengi wengine aliowasaidia bila mimi, na wamefika mbali hivyo hivyo, sijui aliwezaje.

Sasa Mwalimu anatuambia mwanawe Tamimu amemjengea nyumba Kondoa, nzuri sana, bati jekundu, na lori litakuja wiki ijayo. Kijiji kimesikia. Lakini mwenyekiti anauliza: nani ameipeleleza? Tunasifiwa rangi ya bati, na yeye mwenyewe ndiye aliyetukataza kudanganywa na rangi. Kwa hiyo kamati imekaa na kuamua kwamba lori lingoje kidogo, mimi Bazilio nitangulie Kondoa. Nitaonja maharage. Nitatazama maji. Nitamtafuta mjukuu wake mdogo kuliko wote, nimuulize kama bibi atasikilizwa katika nyumba ile. Kibuyu nitabeba, lakini safari hii kitakuwa cha asali ya Kibondo. Nimeelimika.

Wakijibu vizuri, Mwalimu, nenda kwa amani, ule ushibe, ulale mchana bila kusikia kengele, na Mungu akupe miaka mirefu kama uliyotupa wewe. Wakijibu vibaya, nyumba yako ya hapa shuleni bado haijapewa mtu. Ufunguo ninao mimi, na mnajua nilivyo mgumu wa kutoa kitu.