Chumba Chenye Milango Miwili

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa mtaa na kamati yako ya ujenzi. Walimu mtakaokitumia chumba hiki. Wazee wangu, mama zangu, vijana mliosimama kwa kukosa viti. Wafanyabiashara wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini. Kaka yangu msagaji, uliyeketi kulia. Na wewe fundi seremala, uliyeketi kushoto, ambaye leo nakuita mkwe mbele za watu ingawa ukwe wetu ulikufa kabla haujazaliwa: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Yupo na mgeni mwingine ambaye ratiba haikumtaja. Ameketi kule kwenye benchi karibu na lango, pochi mapajani, kama mtu asiyejua kama amealikwa au amepotea njia. Mama Sindano, shikamoo dada yangu. Usiinuke. Nimekufuata mwenyewe huko ulikohamia, na nitakurudisha mwenyewe, kwa hiyo tulia.

Ndugu zangu, kamati imeniomba, mimi shangazi wa marehemu binti yetu, niseme maneno machache kuhusu ile ajali, kisha Mheshimiwa akate utepe, tule, twende nyumbani. Nawashukuru kwa heshima hiyo. Ila mimi nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na ajali nazifahamu. Mtu akiteleza bafuni akavunjika nyonga, hiyo ni ajali. Mtoto akimeza kifungo cha shati, hiyo ni ajali. Lakini vijana wawili wakikutwa wamekufa ndani ya chumba chenye milango miwili, na milango yote miwili ikiwa imekomewa kwa nje, na waliokomea ni baba zao wenyewe, jamani, hiyo nayo tuiite ajali?

Naona Mwenyekiti ameanza kuitazama saa. Nivumilie, mwanangu. Tumelikwepa jambo hili miaka yote hii. Haliwezi kuharibika kwa robo saa.

Kwa ninyi mliohamia hapa juzi, niwaeleze. Mashine ya kaka yangu ya kusaga nafaka inatazama mtaa wa juu. Karakana ya fundi inatazama mtaa wa chini. Migongo yao ilikutana kwenye stoo moja, hapa hapa tulipo, yenye mlango upande wa kaka na mlango upande wa fundi. Wazee wao waliijenga pamoja, wakaitumia pamoja, magunia huku na mbao kule, na sikuwahi kusikia mmoja wao akimwuliza mwenzake umeweka nini.

Kisha ikawa zamu ya wana wao, hawa wawili mnaowaona hapa mbele, nao wakagombania vumbi. Msicheke. Au chekeni, maana na sisi tulicheka. Vumbi la mbao lilipita kwenye nyufa likaingia kwenye unga wa kaka. Vumbi la unga likapita kwenye nyufa hizo hizo likatua kwenye kabati lililopakwa vanishi asubuhi hiyo. Na kwa kuwa walikwisha kununiana, hakuna aliyetaka kwenda kwa mwenzake kulalamika. Walifanyaje? Wakawatuma watoto.

"Nenda kamwambie yule mzee kabati langu limeota ndevu kwa unga wake!" Basi kijana wa fundi, mpole yule, viwiko vyeupe kwa kupiga msasa, anazunguka kona mpaka mashineni, anamkuta binti yetu kwenye mizani. Anaufikisha ujumbe huku ameinamisha kichwa. Binti, mnaukumbuka mdomo wake, anajibu: "Mwambie baba yako asubuhi tumekunywa uji wa msonobari, na tumeshiba, tunashukuru." Kijana anarudi, hasemi neno la ndevu wala la msonobari. Anamwambia baba yake, "Wamesikia, baba." Kesho yake anatumwa tena. Kesho kutwa anaenda hajatumwa.

Kwa hiyo mnaponiuliza nani aliwakutanisha wale watoto, nina jibu, nalo si lile mlilozoea. Makuwadi wa kwanza wa mapenzi yale ni hawa wazee wawili walioketi hapa mbele na suti zao. Walitafuta mtu wa kubeba matusi, wakamchagua mtu aliyekuwa hana tusi moyoni.

Mama Sindano yeye alifanya nini? Alikuwa fundi cherehani pale kwenye kona, mahali ambapo ni lazima upite ukitoka mtaa huu kwenda ule. Aliwaruhusu wakae kwenye baraza lake, mchana kweupe, mbele za watu. Kila siku akiwaimbia wimbo mmoja: "Nendeni mkaseme kwa wazazi wenu. Mimi si mzazi, mimi nashona tu." Huo ndio ukuwadi wake wote.

Sasa nije kwenye sifa, maana hotuba bila kusifu watu ni kama nimekuja kugombana.

Nakusifu, kaka yangu, kwa usafi. Uliuchukia ule unga wenye vumbi, ukachukua matambara na magunia mabovu, ukaziba kila ufa wa stoo upande wako. Nakusifu na wewe, mkwe, kwa ufundi. Ulipigilia fito juu ya kila mwanya upande wako, na dirisha dogo la juu ukalifunika kwa ubao uliorandwa vizuri, usingepitisha hata unywele. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi mliziba nyufa zote, na ukuta mkaujenga hivyo hivyo. Chumba kikabaki hakina pa kupumulia.

Nakusifu na wewe, Mheshimiwa Diwani. Enzi hizo ulikuwa mwenyekiti wetu wa mtaa, na una moyo wa kusaidia watu, hilo hakuna anayebisha. Kaka alipotaka komeo la mlango wa stoo, komeo la mti mgumu, alijua ni fundi mmoja tu mtaani anayeweza kulichonga, na fundi huyo hasemi naye. Wewe ukajitolea. Ukaenda kuagiza kama la kwako, ukalibeba begani, ukazunguka kona, ukamkabidhi kaka. Jioni ukatusimulia kwa kinyozi: "Fundi amemchongea adui yake komeo, na wala hana habari!" Tukacheka mpaka kinyozi akaweka mkasi chini. Hata mimi nilicheka, Mheshimiwa. Lilikuwa jambo la kuchekesha, kwa wakati ule.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, mnakumbuka, ile mvua ya baridi inayomkalisha mtu ndani. Asubuhi binti alipita kwa Mama Sindano akamwambia, "Leo tunakubaliana nani aanze kusema kwa baba yake." Mchana wakaingia stoo, yeye kwa mlango wake, kijana kwa mlango wake, amebeba lile jiko dogo la mkaa la kuchemshia gundi ili wapate joto. Kaka akamwona binti akiingia. Akakomea. Fundi akamwona kijana akiingia. Akakomea. Hawakuambizana, wangeambizana vipi? Ila waliwaza jambo moja, na wote wawili wameniambia kwa midomo yao: wangu akikuta hapa pamefungwa, atalazimika kutokea kwa wale, aumbuke mbele yao, asirudie tena.

Yaani kila baba alikuwa na hakika kwamba mlango wa mwenzake uko wazi. Watu waliokuwa hawaaminiani hata salamu, siku hiyo ndiyo waliyoaminiana.

Na humu ndani wale watoto bila shaka waligonga. Mnaniuliza kwa nini hawakusikika? Nendeni mkasimame karakana msumeno ukilia, au mashineni mahindi yakisagwa. Nani atajua ubao upi umegongwa na fundi na upi umegongwa na mwanawe?

Mtu mmoja tu alishtuka. Mama Sindano aliwaona wakiingia, hakuwaona wakitoka. Akaacha gauni la mteja kwenye cherehani, akatoka mvuani bila mwavuli. Akaenda kwa kaka yangu, akaona mlango wa stoo umekomewa: "Baba, wafungulie watoto." Kaka akamjibu, "Watokee kwa huyo wa chini. Kama naye amefunga, afungue. Aanze yeye." Akazunguka kona, akaenda kwa fundi: "Baba, nakuomba, wafungulie watoto." Fundi akamjibu, naye bila kunyanyua macho kwenye randa, "Aanze yeye." Akarudi juu. Akarudi chini. Wanamtaa waliokuwa wamejikinga mvua chini ya mabati walimwona akipita na kupita, gauni limemganda mwilini, wakasema mama huyu leo amekuwa kishada, upepo unampeleka huku na huko. Mpaka akaketi kwenye matope mbele ya karakana akapiga yowe, ndipo msumeno ukazimwa.

Moshi wa mkaa, ndugu zangu, mimi naujua kwa kazi yangu. Mkaa ukishawaka vizuri, moshi wake hauchomi macho wala haukohozi mtu. Unakuletea usingizi, unalala ukidhani umechoka. Nilikuwa zamu walipoletwa kituo cha afya. Niliwafumba macho mimi, kwa mkono huu. Walikuwa kama watu waliosinzia wakisubiri zamu yao. Nimehudumia wengi wakafa mikononi mwangu, nikaenda nyumbani nikapika. Siku ile sikupika, na kuna siku mpaka leo sipiki.

Kesho yake, mlango wa juu ulipovunjwa ili usikomewe tena, fundi aliliokota lile komeo. Akaligeuza, akaliona pigo la randa yake mwenyewe. Sijapata kumwona mtu mzima akilia vile. Mkwe, siyasemi haya kukuaibisha. Nayasema kwa sababu ulilia pale, watu wakakutazama, na hakuna aliyekushika bega.

Tukazika. Na baada ya kuzika, tukatafuta wa kulaumu, maana msiba bila wa kulaumiwa ni mzito kubeba. Kaka alikuwa amefiwa, asingelaumiwa. Fundi alikuwa amefiwa, asingelaumiwa. Mwenyekiti wa wakati ule ndiye aliyeendesha kikao, asingejilaumu. Kikao kile nakikumbuka, Mheshimiwa, ulisema vizuri sana: "Bila kuwadi kusingekuwa na mapenzi, bila mapenzi kusingekuwa na msiba." Tukapiga makofi! Akapatikana. Mwanamke hana mume, hana mtoto, hana shamba wala ukoo hapa. Kesho yake nguo zikachukuliwa hazijaisha kushonwa. Wiki haikupita, cherehani yake ikapakiwa kwenye mkokoteni, na hakuna aliyetoka kumsaidia kusukuma.

Nani basi aliyewaua wale watoto? Jiko? Jiko halina akili. Mvua? Mapenzi? Kama mapenzi yanaua, sisi tuliojaa hapa tumetoka wapi?

Nitawajibu, kisha niketi. Kaka yangu, wewe. Mkwe wangu, wewe. Mheshimiwa, wewe kwa bega lako na ulimi wako. Sisi tuliocheka kwa kinyozi, na ninyi mliosimama chini ya mabati. Tugawane, kila mtu abebe fungu lake, hakuna litakalomshinda mtu. Ila sehemu ya Mama Sindano siioni. Nimeitafuta miaka yote hii, usiku na mchana nimeitafuta, sijaiona. Katika mtaa mzima yeye peke yake ndiye aliyegonga mlango.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kaka, mkwe, sisi wajukuu wetu ndio hayo majuto, hatutapata wengine. Ninyi wawili mmetoa kiwanja hiki, mmetoa matofali na mbao, mmeketi kamati moja kwa kupitishiana maneno kupitia kwa Mwenyekiti, huyu kijana wa watu, mkamfanya naye mjumbe. Mpaka asubuhi hii mmesalimiana? Hamjasalimiana. Kila mmoja ameniambia kwa wakati wake, nami nilidhani naota: "Niko tayari, dada. Aanze yeye."

Chumba ni kizuri, nawashukuru wote mlioshiriki. Madirisha ni makubwa na hayana mbao. Milango ni miwili kama zamani, mmoja juu na mmoja chini, na nimeikagua mwenyewe: haina komeo, ina kitasa kinachozungushika ndani na nje. Watoto wetu watasoma humu, wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, na wakipendana watapendana.

Mheshimiwa Diwani, kwa ruhusa yako, mkasi uweke mezani. Utepe utakatika wenyewe. Naomba kaka yangu uinuke, uingie ndani, usimame nyuma ya mlango wa juu. Mkwe, inuka, nenda usimame nyuma ya mlango wa chini. Nendeni, watu wanawasubiri. Vijana, mpisheni Mama Sindano njia. Dada yangu, njoo. Njoo polepole, leo hakuna mvua. Chagua mlango wowote unaotaka, upige hodi.

Na ninyi wawili mlioko ndani, najua mnanisikia. Akigonga, msingojeane.

Asanteni, ndugu zangu, kwa kunisikiliza mimi. Sasa nyamazeni, tumsikilize yeye.