Winfrida Chediel Kitundu (1979–2026): Mtoto wa Kiomboi Aliyepanga Bahari

Marehemu Winfrida Chediel Kitundu alizaliwa tarehe 3 Juni 1979 hapa hapa Kiomboi, mtoto wa pili wa Mzee Chediel Kitundu, aliyekwisha kututangulia, na Mama Hana. Alichunga ng'ombe kama sisi wadogo zake, ila yeye hakupoteza hata ndama.

Alisoma shule ya msingi na sekondari huku huku Iramba, kisha mwaka 2000 akaenda chuo kikuu kusomea sayansi ya bahari. Baba alishika kichwa. "Hapa maji ya kunywa ni shida, wewe unakwenda kusomea maji yasiyonyweka?" Winfrida alicheka, akapanda basi. Alihitimu mwaka 2004 na kuajiriwa serikalini.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na Mwalimu Alphonce Samweli wa Ihanja, wakajaliwa Jenipher na Frank. Pweza mkavu ambaye Winfrida aliwaletea shangazi zetu kwenye harusi hiyo hakuliwa na mtu, na maneno yake hayajaisha hadi leo.

Kazi yake ilikuwa kupanga matumizi ya bahari: meli zitie nanga wapi, bomba la gesi lipite wapi, wavuvi wavue wapi, samaki waachwe wapi wazaliane. Mama alipomuuliza bahari inagawanywaje, alijibu, "Mama, ni kama kijijini. Hapa malisho, hapa mashamba, hapa njia ya ng'ombe. Tusipopanga, watu wanapigana."

Tarehe 9 Mei 2024 aliitisha mkutano katika kijiji cha Mtondoni, pwani ya kusini. Wanaume walijaa, wakanyoosha mikono, eneo la meli likapita. Wanawake hawakuonekana. Zilikuwa siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali sana, na wote walikuwa huko wakivuna mwani. Mtoto wa bara hakuliwaza hilo. Bi Rukaya Mselemu, mkulima wa mwani, ndiye aliyemwambia baadaye: "Mwanangu, mashamba uliyowapa wenye meli ndiyo tuliyokuwamo siku ile."

Ilimuuma sana. Alisema mbele ya wote kwamba amekosea, akagoma kutia saini ramani ya eneo hilo. Ofisini aliambiwa ramani imekwisha na wawekezaji wanasubiri. Alirudi Mtondoni, akakaa na wanawake, wakachora upya: meli zisogee, mwani ubaki. Zikawa ramani mbili, na kikao cha kuchagua mojawapo kikaahirishwa kila mara.

Mkuu wake wa kazi yupo nasi hapa. Amesafiri mbali, na tunamshukuru. Jana alituomba sehemu hii tuifupishe. Tumeifupisha.

Machi 2025 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam, kisha akaomba kurudishwa nyumbani. Ulipompa pole, yeye alikuuliza, "Kikao kimekaa?" Mimi Hosea, mdogo wake, iliniudhi, nasema kweli, nilitaka ajihurumie japo kidogo. Alifariki Jumamosi tarehe 17 Januari 2026 hapa Kiomboi, mkono wake ukiwa mikononi mwa Mama.

Ameacha mume, watoto wawili, mama na ndugu wanne. Wapo pia Bi Rukaya na wenzake watano, waliosafiri siku mbili kuja kumzika. Wanaondoka baada ya chakula ili wawahi kikao, ambacho sasa kimepangwa Alhamisi hii. Ramani zote mbili anazo mkuu wake. Familia haina ombi jingine.

Pumzika kwa amani, dada. Jibu tutakuletea hapa hapa.